Mama wa Mahema wa Mabatini

Hema likirudishwa kwake halikwenda stoo siku hiyo. Alilitandaza kwanza uani, akavua kandambili, akapiga magoti juu yake na kulipapasa kutoka pembeni kwenda katikati, akitoa kila alichokikuta kwenye mishono: mchanga, kipande cha jani, ganda la konokono, unywele. Aliyelirudisha ilimbidi asubiri amesimama. Kisha yalifuata maswali. Mlilala upande gani wa kisiwa? Maji mlichota wapi? Kuni mlizikuta au mlibeba? Upepo ulianza saa ngapi? Aliwauliza hivyo wanafunzi wa chuo, watafiti wa ndege, vijana wa kwaya, hata maharusi waliotaka fungate ya porini. Majibu yao hakuyaandika popote. Aliyaweka kichwani, na kesho yake akija mtu mwingine kuuliza kisiwa gani kinafaa kwa siku tatu, alimjibu kana kwamba ametoka huko jana.

Watu wote tulimwita Mama wa Mahema. Nilimfahamu miaka tisa, na jina lake kamili niliwahi kuliandika mara moja tu, kwenye karatasi ambayo hadi leo natamani ningeichana.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia kwenye shule ya sekondari ya binafsi, upande wa Mkuyuni, hapa Mwanza. Nilipoajiriwa nilikabidhiwa klabu ya mazingira, na klabu hiyo ilikuwa na jambo moja tu la maana: kila likizo ya Juni tuliwapeleka watoto kulala kisiwani siku tatu, mahali pasipo na nyumba wala duka. Wengi wao walizaliwa wakiliona ziwa kila asubuhi lakini hawajawahi kukaa mahali ambapo usiku hausikii redio ya jirani. Walirudi wamebadilika. Mtoto aliyekuwa hasemi darasani alirudi anabishana nami kuhusu mamba. Nilikuwa mwalimu wa kawaida kabisa, lakini kwa ajili ya safari hizo watoto walinipenda, na mimi nilizoea kupendwa.

Mahema tulikodi kwake. Kabla ya hapo alikuwa anakodisha maturubai na viti vya misiba na harusi, kama wengine wengi pale Mabatini. Halafu kambi fulani ya watafiti ikafungwa, vitu vyao vikapigwa mnada, na yeye aliyekwenda kutafuta sufuria akarudi na mahema kumi na manne ambayo hakuna aliyeyataka. Alinisimulia kuwa majirani walimcheka mwezi mzima. Walimuuliza ni nani Mabatini, mwenye chumba chake chenye bati, atalipa ili akalale ndani ya kitambaa. Alipenda kulisimulia hilo. Alilisimulia akiwa ameketi chini ya mahema yenyewe, yaliyoning'inia darini kama nyama buchani, na kila mara aliishia kwa kusema kwamba waliomcheka sasa wanamletea wateja.

Visiwa hakuviita kwa majina yake. Aliviita kwa vile vinavyoyafanya mahema. Kulikuwa na kisiwa cha matope mekundu, kisiwa cha kunguru, kisiwa kinachochana zipu, na kisiwa kimoja alichokiita cha wadudu kwa sababu mahema yalirudi na mafungu meusi ya wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoruka kama moshi. Ukitaja jina la kwenye ramani alikutazama tu. Ukimwambia ni kile chenye mchanga mweupe na konokono wakubwa, uso ulichangamka. "Mimi kisiwa sikijui, Mwalimu," alikuwa akiniambia. "Najua kinachorudi."

Na kweli hakuvijua. Hilo ndilo lililokuwa jambo la ajabu kwake. Mwanamke aliyewapeleka watu wa Mwanza kwenye kila kipande cha nchi kavu kilichopo kwenye maji haya alikuwa anaogopa maji kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Dada yake aliishi Sengerema. Badala ya kupanda kivuko cha Busisi, safari ya dakika chache, alizunguka kwa basi kupitia Shinyanga na Kahama na kupanda tena Geita, siku nzima njiani, akishuka na miguu imevimba. Alikuja kuvuka pale daraja lilipofunguliwa, na nasikia alivuka amefumba macho. Wala hakuwahi kulala kwenye hema hata moja. Alisema mgongo wake unataka kitanda cha mbao na godoro la sufi, basi.

Hakuwa malaika, na nisingependa aibu yangu inifanye nimchore hivyo. Alikuwa mbishi. Hema moja la kijani alilinadi kuwa jipya kwa miaka sita mfululizo. Wachumba wasio na cheti cha ndoa aliwanyima hema la watu wawili, akawapa mawili ya mtu mmoja mmoja, na wakilalamika aliwaambia waende hotelini. Alikuwa mkali kwa habari ya vigingi. Kimoja kikipotea hukutoka uani mpaka umwambie kilipotelea wapi, na ukisema hujui alikuambia fikiria. Ibada ya kwanza ya Jumapili hakuikosa, lakini wakati wa mahubiri alisinzia waziwazi. Matamshi yake hayakutenganisha kula na kura, na mwaka wa uchaguzi wanafunzi wangu walimwuliza makusudi kama atakwenda kupiga nini, ili wamsikie. Nilikuwepo. Nilicheka nao.

Hata hivyo nilimtegemea. Kila mwaka, mwezi mmoja kabla ya safari, nilimwalika kwenye kikao cha klabu pale maabara. Alikuja amevaa kitenge kilichopigwa pasi na viatu vya kanisani, akaketi kwenye kiti kirefu cha mbele, mkoba mapajani, na watoto walimwuliza kuhusu visiwa. Watoto hao walimchukulia kama mtu mwenye kazi kubwa, nadhani ndiyo sababu alikuja. Miaka minane tulifuata ushauri wake na miaka minane tulirudi sote salama.

Mwaka wa tisa tulikuwa na visiwa viwili vya kuchagua. Cha kwanza kilikuwa kikubwa, chenye msitu hadi kwenye maji, ghuba iliyotulia na kituo cha askari wa hifadhi. Tulikuwa tumeshakwenda mara mbili. Cha pili kilikuwa mbali zaidi, saa mbili nyingine kwa boti, kidogo, hakikaliwi na mtu, kimejaa mawe makubwa na kipande kimoja cha mchanga mweupe. Picha yake ilikuwa imezunguka kwenye simu za watu miezi hiyo, imepigwa kutoka juu, na ukiitazama unaona maji ya kijani na mawe yamekaa kama mayai. Niliitaka picha hiyo. Shule ilikuwa imepata mkuu mpya, mama mmoja msomi aliyependa mambo yaonekane, naye alikuwa ameshaniambia kuwa picha za safari zitawekwa kwenye kalenda ya shule. Nilijiona kwenye kalenda.

Mama wa Mahema alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno ambayo nayakumbuka yote.

"Mwalimu, mahema yametoka kule mara tatu. Mara zote vigingi vimepinda na havina udongo hata kidogo. Huo mchanga ni wa juu tu, chini yake ni jiwe. Na sufuria zimerudi hazina masizi. Maana yake kuni hakuna, watu wamekula mikate siku zote tatu. Kile cha msitu, mahema yanarudi na majani makavu. Nendeni kile cha msitu."

Watoto waliniangalia mimi. Walikuwa kumi na wawili, na baadhi yao walikuwa wameshaanza kutikisa vichwa kumkubalia. Niliona kalenda yangu inaondoka. Nikasema, kwa sauti ile ambayo mwalimu hutumia akitaka darasa liwe upande wake, kwamba Mama hajawahi kulala hata kwenye hema moja kati ya hayo anayotukodisha, hivyo labda visiwa vyenyewe anavijulia uani kwake, kati ya banda la kuku na choo.

Darasa lilicheka. Hata yeye alicheka kidogo, akafunga mkoba wake, akaufungua, akaufunga tena.

"Ni kweli, Mwalimu," akasema. "Sijawahi."

Tukapiga kura, na mchanga mweupe ukashinda. Siku ya kuchukua mahema hakugusia tena jambo hilo. Alinipa tu furushi la kamba nene ambalo sikuliomba, akanielekeza kwamba kama vigingi vitagoma tufunge mahema kwenye mawe makubwa, siyo madogo, na tufunge pembe zote nne. Nilimshukuru. Asubuhi ya safari boti ilionekana imejaa, na nilipotafuta cha kupunguza nililiacha furushi lile kwenye stoo ya shule, nikapakia spika ya muziki.

Kisiwa kilikuwa kizuri kama kwenye picha. Hilo lazima niliseme. Watoto walipiga kelele za furaha walipokiona, na jioni hiyo ya kwanza nilijua kwamba nilikuwa nimefanya vizuri. Vigingi vilizama urefu wa kidole kisha vikagota. Tulivipiga mpaka vikapinda. Tukafunga kamba kwenye mawe tuliyoweza kuyabeba, yaani madogo. Kuni hazikuwepo, tukala mikate.

Upepo ulikuja siku ya pili, saa nne ya asubuhi, jua likiwa linawaka. Ulitoka kusini, haukuwa na mvua, na haukupanda polepole. Wengi wetu tulikuwa mchangani tunahesabu ndege. Kabula, msichana wa Kidato cha Tatu, alikuwa amebaki hemani kwa sababu kichwa kilimuuma. Niligeuka nikaona hema la kijani limejaa upepo kama puto, mawe yetu madogo yakiburutwa nyuma yake, halafu likaviringika likaanguka kwenye miamba pamoja naye. Tulilikuta limekwama maji ya magoti yanapoanzia. Nilikata zipu kwa kisu. Alikuwa hai, midomo imekauka, mkono wa kulia umevunjika juu ya kiwiko. Hakulia. Aliniuliza kama hema la Mama limechanika.

Mtandao wa simu haukuwepo. Boti iliyotuleta ilikuwa ije kesho yake, na mawimbi yalivyokuwa hata ingekuja isingetia nanga. Nilimfunga mkono kwa fimbo mbili na shati langu, na tulikaa nyuma ya jiwe kubwa mpaka mchana wa siku iliyofuata, saa ishirini na sita, watoto wakimpokezana Kabula mapajani. Hakuna mtoto aliyenitajia vigingi, wala kamba, wala sufuria. Walikuwa wananipisha tu kila nilipopita.

Wazazi waliitwa shuleni wiki iliyofuata. Tulikaa kwenye ukumbi wa chakula, wazazi mbele, wanafunzi wa klabu kwenye benchi la ukutani. Mimi nilikuwa katibu wa kikao, daftari mkononi. Mama wa Mahema hakuwa amealikwa, lakini nilimwona ameingia na kuketi nyuma kabisa, na kikapu cha maparachichi miguuni. Alikuwa amemletea Kabula.

Mkuu wa shule aliuliza swali moja la haki. Aliuliza nani alichagua kisiwa hiki.

Nilisimama. Moyoni nilikuwa na sentensi fupi kabisa, nilikuwa nimelala nayo usiku kucha. Lakini niliwaona wale wazazi, nikamwona baba yake Kabula, fundi mwashi, mikono yake mikubwa imefumbatana, na sentensi ile haikutoka. Nikasema kwamba kama kawaida tulimshirikisha mwenye mahema, kwa kuwa ndiye anayevifahamu visiwa. Nikasema kilichotuangusha ni vigingi, vilikuwa vimepinda. Hapakuwa na uongo katika maneno hayo hata mmoja. Niliyapanga tu.

Watu waligeuka kumtazama. Pale ukutani Kabula alinyosha mkono wake wa kushoto, ule mzima, akaunyosha juu kama mtoto anayelijua jibu. Mkuu alimwambia kwa upole kwamba wanafunzi watasikilizwa ikihitajika. Mkono ukashuka. Nilishukuru, Mungu ananijua, nilishukuru pale pale kwa mkono ule kushuka.

Kisha Mkuu akamwuliza Mama wa Mahema kama ana la kusema. Alisimama taratibu, akashika mgongo wa kiti cha mbele yake. Aliniangalia, siyo kwa muda mrefu.

"Mahema ni yangu," akasema. "Nampa pole mtoto, na nawapa pole wazazi wake."

Akaketi. Ukumbi mzima ulisikia kukiri kosa. Niliandika kwa mkono wangu azimio la kikao, kwamba shule haitakodi tena vifaa kwake, na kwamba shule rafiki zitaarifiwa. Hapo ndipo nilipoliandika jina lake kamili. Ilibidi nimwulize mtu herufi zake.

Habari za namna hiyo hazihitaji barua kufika. Shule nyingine zilimwacha, kisha chuo, kisha vikundi vya kanisa. Mara ya mwisho nilipopita mbele ya kibanda chake, dari lilikuwa tupu na kulikuwa na rundo la viti vya plastiki tu. Baada ya hapo sikupita tena. Nikiwa na shughuli mjini nilizunguka kwa Mirongo, na mke wangu aliponiuliza kwa nini tunarefusha njia nilimwambia Mabatini kuna foleni. Aliamini kwa sababu sikuwa na sifa ya kusema uongo. Watu bado waliniheshimu. Baba yake Kabula alinisalimia kwa mikono miwili kila tulipokutana, akinishukuru kwa kumfunga mwanawe mkono vizuri. Mkono wenyewe ulipona umepinda kidogo, hawezi kuunyosha wote.

Miaka minne ikapita. Mwaka jana shule iliniagiza ninunue turubai la kufunika jukwaa la mahafali. Nilikwenda sokoni Mkuyuni, nikaelekezwa kwa mama anayeuza maturubai ya kukata, na nilipoinama kuingia kwenye kibanda nilimkuta yeye. Alikuwa amekonda. Miwani imefungwa uzi. Kurudi nyuma nisingeweza, alikuwa ameshaniona.

Nikamwambia shikamoo.

"Marahaba, Mwalimu," akaitikia. "Karibu."

Niliketi bila kuambiwa. Nikaanza. Nilimweleza yote, mambo ambayo aliyajua na ambayo hakuyajua: kalenda, furushi la kamba kwenye stoo ya shule, sentensi niliyolala nayo na nikaimeza. Nilimwambia kwamba niliyepaswa kusimama siku ile na kubaki nimesimama ni mimi. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno hayo miaka minne, na sasa yalitoka kama ya mtoto anayesoma.

Hakunikatiza. Nilipomaliza alisema kuwa Kabula alikwenda kwake jioni ile ile ya kikao, mkono kwenye plasta, akitaka warudi wote wawili shuleni aseme alichotaka kusema. Yeye ndiye aliyemzuia.

Nikamwuliza kwa nini.

"Wewe ukisemwa, safari zimekwisha," akasema. "Pale shuleni kwenu hapakuwa na mwalimu mwingine wa kuwapeleka watoto porini. Mahema wangepata mengine. Nikaona bora yasemwe mahema." Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga. Uso wake ulikuwa umechangamka kidogo, kama zamani mtu akimtajia konokono. "Sasa niambie, siku hizi mnakwenda kisiwa gani?"

Sijui kama nimewahi kuulizwa swali gumu kama hilo. Nikamwambia hatuendi.

"Mwaka huu?"

"Tangu ule mwaka, Mama. Hatujakwenda tena."

Aliniuliza kama wazazi walikataa. Nikamwambia hapana, hakuna mzazi aliyekataa. Akauliza kama ni Mkuu. Nikamwambia Mkuu hunikumbusha kila Mei, na kila Mei namtafutia sababu, mara mitihani, mara mafuta yamepanda. Sikumwambia kuwa nilikuwa naogopa. Aliliona mwenyewe.

Nje mtu alikuwa anapatana bei ya ndoo. Aliivaa miwani yake, akatazama mikono yake, na aliposema hakuwa na hasira, alisema kama mtu anayejisemea peke yake.

"Kumbe nilinyamaza bure."

Nilingoja anifukuze. Nilitamani anifukuze. Badala yake alinyanyuka, akachukua futi yake, na kwa sauti ya kawaida ya muuzaji akaniuliza turubai langu liwe la ukubwa gani. Nilimtajia. Akapima, akakata, akakunja vizuri, akanikabidhi. Nilikwenda nalo begani mpaka shuleni, ambako wanafunzi wa klabu ya mazingira, watoto ambao sijawahi kuwapeleka popote, walikuwa wamejipanga uwanjani kunipokea mzigo.